Maneno yasiyo na mwenyewe: mwongozo wa kufundisha kusoma katika kila somo

Swali nililitunga mwenyewe, na nililipenda. "Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Kati ya miche hiyo, 62 tu ndiyo iliyosalimika. Tafuta asilimia ya miche iliyosalimika." Shule yetu iko pembezoni mwa jiji la Tanga, upande wa kuelekea Pongwe, na mkonge watoto wanauona kila siku njiani. Nikasema leo hesabu itawakuta nyumbani.

Kijana mmoja wa Darasa la Sita akaniletea daftari. Ameandika 1,000 gawanya kwa 2, akapata 500, akatoa 62, akapata 438. Nikamuuliza, mwanangu, hii mia tano umeitoa wapi?

"Si umesema kati, mwalimu? Kati ya elfu moja ni mia tano."

Mtoto huyu asilimia anaijua. Mpe 62 juu ya 1,000 mara 100, anakupa 6.2 kabla hujashusha chaki. Na Kiswahili ndiyo usiseme: jioni anauza karanga Ngamiani, atakubembeleza mpaka ununue usichokuwa na haja nacho. Kilichomwangusha ni vijineno viwili, "kati ya", ambavyo hakuna mwalimu hata mmoja aliyewahi kumfundisha, mimi nikiwemo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyagawa maneno ya vitabu vyetu mafungu matatu. Kuna maneno ya nyumbani, haya mtoto huja nayo. Kuna maneno ya somo, kama usanisinuru, mmomonyoko na kizio. Haya kitabu huyakoleza wino, mwalimu huyaandika ubaoni, na mtihani huyauliza. Halafu kuna fungu la tatu: kati ya, isipokuwa, ilhali, kutokana na, kwa mujibu wa, endapo, angalau, mtawalia, licha ya, pasipo. Mwalimu wa Sayansi anaona hayo ni kazi ya mwalimu wa Kiswahili. Mwalimu wa Kiswahili anahangaika na ngeli na methali. Mwalimu wa Hisabati anasema yeye anafundisha namba. Mimi huyaita maneno yasiyo na mwenyewe, na hayo ndiyo yanayobeba maana ya sentensi.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa somo lolote, kuanzia Darasa la Nne hivi mpaka kidato cha kwanza, mwenye darasa kubwa na vitabu vichache. Hauhitaji projekta. Unahitaji aya moja, chaki, na dakika kumi hadi kumi na tano za kipindi chako.

Kwanza jua mtoto wako amekwama wapi

Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, na hilo ndilo linalotudanganya. Mtoto akishaijua ba be bi bo bu anaweza kukusomea ukurasa mzima wa Sayansi kama mtangazaji wa redio, wewe ukaweka alama ya vema, na yeye asiwe ameelewa hata mstari mmoja.

Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer waliliweka jambo hili kwa hesabu nyepesi: kuelewa unachosoma ni zao la vitu viwili, uwezo wa kuyatambua maneno yaliyoandikwa na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Ni kuzidisha, si kujumlisha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri.

Jaribio lake ni la dakika tatu. Chagua aya fupi ya kitabu cha somo lako. Mwite mtoto mezani, umsomee wewe, kisha mwambie akueleze kwa maneno yake. Siku nyingine asome mwenyewe aya ya aina hiyo hiyo, naye aeleze.

Akielewa anaposomewa lakini akishindwa kusoma mwenyewe, shida yake ni silabi. Mwongozo huu hautamfaa kwa sasa. Mpeleke kwa mwalimu wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa madarasa ya chini, bila kumwaibisha mbele ya wenzake, na mpange naye muda. Akisoma vizuri na asielewe, au akisomewa na bado asielewe, huyo ndiye tunayemzungumzia. Kwangu, darasani, hao ndio wengi.

Usishangae kwamba ni watoto waliozaliwa na Kiswahili mdomoni. Jim Cummins wa Kanada, aliyeshughulika na watoto wanaosoma kwa lugha ya pili, alionyesha kwamba lugha ya mazungumzo huchukua kama miaka miwili kuizoea, ilhali lugha ya darasani huhitaji miaka mitano hadi saba. Huku kwetu kuna watoto walioanza na Kisambaa, Kibondei au Kidigo, na kuna walioanza na Kiswahili chenyewe. Wote wanakikuta kitabu cha Sayansi kikizungumza Kiswahili kisichozungumzwa na mtu yeyote sokoni.

Hatua ya kwanza: isome aya kabla yao, na kalamu mkononi

Unapoandika andalio la somo, chagua aya moja tu. Si ukurasa. Iwe ile inayobeba kiini cha somo. Ipitie kwa jicho la mtoto na uweke alama kwenye mambo manne: maneno ya somo, maneno yasiyo na mwenyewe, maneno ya nyumbani yaliyobadilika maana, na mahali ambapo mtendaji amefichwa.

Maneno yaliyobadilika maana ni hatari kuliko mageni, kwa sababu mtoto hajui kwamba hayajui. Chukua "tofauti". Muulize mtoto wa Darasa la Tatu tofauti ya 9 na 4 ni ipi, atakwambia tisa ni kubwa, au tisa ina kichwa juu. Hajakosea Kiswahili. Ni Hisabati iliyolichukua neno na kulipa kazi yake. Chukua "zidi". Swali linasema umri wa baba unazidi wa mtoto kwa 30, na nusu ya darasa wanazidisha. Chukua "kazi" katika Sayansi. Niliwahi kuwauliza, mlinzi aliyesimama getini usiku kucha bila kusogea amefanya kazi? Wakacheka, ndiyo mwalimu, na analipwa. Kwa Sayansi hajafanya, maana kazi hupatikana kani inaposogeza kitu umbali fulani. Ubishi ule ulichukua dakika ishirini na sikuujutia.

Katika aya moja usifundishe zaidi ya maneno matano au sita. Ukikuta aya ina mageni mengi kuliko hayo, si aya ya mtoto kusoma peke yake. Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000, uliofanywa kwa watu wanaojifunza Kiingereza, ulionyesha kwamba msomaji anahitaji kuyajua takriban maneno 98 katika kila 100 ili aelewe bila msaada. Fungua kitabu chochote cha Darasa la Tano uhesabu. Utaona ni kwa nini "fungueni ukurasa wa arobaini, someni kimya" haizai kitu.

Hatua ya pili: waanze kwa mdomo

Kabla kitabu hakijafunguliwa, lete kitu. Kwa somo la mkonge mimi nilileta jani lenyewe, ingawa miba yake ilinichoma nikiwa kwenye daladala. Kwa somo la miamba nilileta kipande cha jiwe la chokaa. Gawa ubao sehemu tatu: tunachojua, tunachotaka kujua, na ya tatu iache wazi mpaka mwisho, tulichojifunza.

Uliza, kisha nyamaza. Mary Budd Rowe, Mmarekani aliyechunguza madarasa ya sayansi, aligundua kwamba walimu kwa kawaida husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, na kwamba wakisubiri tatu majibu hurefuka na watoto wengi zaidi hujibu. Sekunde tatu mbele ya watoto sabini ni ndefu kama foleni ya maji. Hesabu vidole mgongoni.

Katika hatua hii waache waseme kama wanavyosema nyumbani. Mtoto akilitaja jambo kwa Kisambaa, liandike ubaoni kama alivyolisema, kisha uliza nani analijua kwa Kiswahili. Mwalimu anayemkatiza mtoto kwa kusema "sema vizuri" kabla hajasikia alichotaka kusema, amelipoteza jibu na mtoto.

Hatua ya tatu: soma kwa sauti, na fikiri kwa sauti

Hapa ndipo pa kukaa. Watoto wetu wametuona tukisoma kwa sauti, lakini hawajawahi kuona kinachoendelea kichwani mwa msomaji. Kwa hiyo unasoma sentensi, unasimama, unasema unachowaza, kama mtu anayezungumza peke yake. Nitaonyesha kwa aya niliyoiandika kwa ajili ya darasa langu:

"Majani ya mkonge hukatwa kwa kisu, hufungwa matita na kupelekwa kiwandani. Huko husagwa kwa mashine iitwayo korona, ambayo huondoa nyama ya jani na kubakiza nyuzi. Zikishaoshwa huanikwa juani, na zikikauka hupigwa brashi kabla ya kufungwa robota. Licha ya ukubwa wa jani, nyuzi ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wake."

Nikifika "huko husagwa" nasimama. Huko wapi? Narudi nyuma kwa kidole: kiwandani. Kinachosagwa ni nini? Sentensi haisemi. Ile hu- ya mazoea haina ngeli, haituambii kama ni majani, kisu au matita. Narudi tena mwanzo wa aya: majani. Na anayesaga ni nani? Hayupo. Tumeambiwa "husagwa" tu, mtendaji amefichwa ndani ya ile -wa. Nani anaijua kazi hiyo? Mkono mmoja ukapanda: babu yake alikuwa fundi wa korona. Basi mtendaji tumempata.

Naendelea. "Zikishaoshwa." Hapa nawauliza wao. Wengi walijibu, majani. Nikaandika ubaoni: majani yakishaoshwa. Ya-. Kwenye aya ni zi-. Nani mwenye zi- hapa? Kimya, kisha sauti ya nyuma: nyuzi! Nikachora mshale kutoka zi- mpaka nyuzi, na mwingine kutoka "zikikauka" mpaka pale pale. Kutoka siku hiyo zoezi hili tunaliita kufuata mishale, na ndilo wanaloliomba. Mtoto anachukua penseli, kila kiambishi cha mtendaji na kila "hiyo", "hao", "humo" anakivutia mshale mpaka kwenye nomino yake.

Tunakaa darasani miaka mingi tukifundisha ngeli kama orodha ya kukariri, A-WA, U-I, LI-YA, na tunasahau kuwaambia watoto ngeli ni za nini. Ni kamba zinazofunga sentensi moja na nyingine. Msomaji wa Kiswahili anayezijua hapotei.

Kuna pale ambapo ngeli haisaidii, nako kuonyeshe. "Uzito wake": uzito wa nani, wa nyuzi au wa jani? "Wake" imefuata uzito, haituambii lolote juu ya mwenye uzito. Hapa inabidi kuuliza ipi inaleta maana. Nyuzi haziwezi kuwa asilimia 4 ya uzito wa nyuzi zenyewe. Basi ni jani.

Mwisho "licha ya". Nililifunika kwa kiganja, nikauliza, bila neno hili sentensi ingetarajiwa kusema nini? Jani kubwa, nyuzi nyingi. Sasa nikafunua. Licha ya ni bango la onyo barabarani: ulichotarajia hakiji.

Sentensi nne, dakika kumi na mbili. Mwalimu wa taaluma akipita atadhani umechelewa kwenye azimio la kazi. Muonyeshe madaftari baada ya mwezi.

Hatua ya nne: familia ya neno

Kiswahili hutunga maneno ya kitaalamu kutokana na vitenzi vya kila siku, na hii ni bahati ambayo mtoto anayesoma kwa lugha nyingine hana. Itumie. Usifundishe "uchujaji" peke yake. Anza na "chuja". Nani kachuja nini jana? Tui la nazi. Chai. Kwa nini unachuja? Kutenganisha. Haya, kifaa chake? Chujio, au kichujio. Timu zikishindana mpaka zibaki chache? Mchujo. Kitendo chenyewe, tunapokisema kama jina? Uchujaji. Anayechuja? Mchujaji. Umefundisha maneno matano kwa bei ya moja, na umemwonyesha mtoto ufunguo: ki- kwa kifaa, m- kwa mtu, u- na -ji kwa kitendo.

Kisha mgeuze arudi nyuma. Vitabu vya Jiografia na Sayansi hupenda kubana kitendo kizima ndani ya jina moja: "Ukataji wa miti husababisha mmomonyoko wa udongo." Waambie wafungue: watu wanapokata miti, maji ya mvua humomonyoa udongo. Ghafla kuna watu, kuna mvua, kuna udongo unaokwenda. Akishafungua, mwache afunge tena, maana mtihani utataka lile jina lililofungwa. Nimelifanya hili na "mvukizo", "ugandishaji" na "uchavushaji", na halikushindwa hata mara moja. "Usanisinuru" ni mkaidi kidogo, lakini nuru iliyomo ndani yake wanaiona.

Hatua ya tano: wasome kwa makundi, kila mtu na kazi yake

Njia ninayoitumia asili yake ni Annemarie Palincsar na Ann Brown, walioieleza mwaka 1984. Kazi ni nne: anayetabiri, anayeuliza, anayefafanua palipo na giza, na anayefupisha. Wenyewe waliifanya na vikundi vidogo. Kwetu kitabu kimoja hutazamwa na dawati zima, kwa hiyo mimi hugeuza dawati la mbele likatazama la nyuma, wakawa sita, kazi nne wakagawana. Mwalimu asianze na makundi yote kwa mpigo. Wiki ya kwanza kundi moja lifanye mbele, wengine watazame kama wanaangalia mchezo.

Mfano mzuri wa aya ya kufafanua ni huu wa Historia: "Novemba 1914 Waingereza waliishambulia Tanga wakiwa na takriban askari 8,000, wengi wao kutoka India, ilhali Wajerumani na askari wao wa Kiafrika, wakiongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck, walikuwa takriban 1,000. Hata hivyo, walishindwa na kurudi melini." Nani walishindwa? Wote ni wa-. Mishale haitoshi. Makundi mawili yalisema Wajerumani, kwa kuwa walikuwa wachache. Kundi la tatu likashika "hata hivyo", na "melini". Nani walikuja na meli? Na neno "hata hivyo" linataka nini, kama si kinyume cha ulichotarajia? Walipopata jibu ndipo nikawapa zawadi yao, habari ya nyuki waliowavamia askari vitani mpaka vita hivyo vikaitwa Vita vya Nyuki. Ukianza na nyuki, hakuna atakayesoma.

Hatua ya sita: hesabu za maneno

Soma mara tatu. Mara ya kwanza namba zimefunikwa: habari hii ni ya nini? Miche imeagizwa, mingi ikafa. Mara ya pili: tunaulizwa nini? Mtoto aseme swali kwa sentensi kamili yenye jibu tupu, "Asilimia ya miche iliyosalimika ni…" Mara ya tatu ndipo namba zifunuliwe, na kila namba ielezwe ni ya kitu gani.

Kila wiki chagua neno moja la fungu la tatu, ulitungie hesabu mbili zinazofanana isipokuwa neno hilo. "Bei imepanda kwa shilingi 500" na "bei imepanda mpaka shilingi 500". "Angalau 20" na "si zaidi ya 20". Yule kijana wa 438 nilimpa "kati ya 10 na 20" na "10 kati ya 20". Akaangalia muda mrefu, akasema, "Kumbe ni maneno mawili." Sikuwa na la kuongeza.

Hatua ya saba: waandike, japo mistari mitatu

Kuandika ndiko kunakoonyesha kama neno limeingia. Lakini "andika insha kuhusu mapango ya Amboni" humtupa mtoto baharini. Mpe fremu: "Mapango ya Amboni yalitokea kutokana na… Maji ya mvua yanapochanganyika na…, hufanyika… Hatimaye…" Yeye anajaza kwamba maji ya mvua hubeba kabonidayoksaidi, hufanyika asidi hafifu, na asidi hiyo huyeyusha chokaa polepole kupitia nyufa. Fremu imebeba maneno yasiyo na mwenyewe, mtoto amebeba sayansi. Wiki inayofuata ondoa nusu ya fremu. Baada ya mwezi iondoe yote.

Zoezi jingine halihitaji kitabu hata kimoja. Soma aya fupi mara mbili kwa mwendo wa kawaida. Mara ya kwanza wasikilize tu. Mara ya pili waandike maneno machache wanayoyadaka. Kisha wawili wawili waijenge upya aya hiyo kwa maandishi, na mwisho walinganishe na yako. Ubishi unaotokea wa "alisema zi-, hakusema ya-" una thamani kuliko maelezo yangu ya saa nzima.

Katika kusahihisha, chagua kosa la aina moja kwa wiki. Ukilijaza daftari wino mwekundu, mtoto ataziona alama nyekundu, hataona kosa.

Hatua ya nane: amri za mtihani

Taja, orodhesha, eleza, fafanua, bainisha, linganisha, tofautisha, thibitisha. Mtoto anayejibu "eleza" kwa orodha ya maneno manne anapoteza alama alizokuwa nazo kichwani. Tumia kitu kimoja kwa amri zote. Mimi hutumia vyombo vya pwani. Taja: ngalawa, dau, mashua. Basi, nukta, usiongeze. Eleza: ngalawa ni chombo kilichochongwa kwa gogo, chenye mbao za kuelea pande mbili ili kisipinduke. Linganisha: vyote viwili, ngalawa na dau, hutumia tanga. Tofautisha: ngalawa ina mbao za pembeni, ilhali dau halina. Bandika karatasi ya manila ukutani yenye amri hizo na urefu wa jibu linalotarajiwa, na walimu wa masomo yote waitumie hiyo hiyo.

Mtoto anapovuka kwenda kidato cha kwanza

Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia shule zetu za msingi za serikali tangu 1967, na sekondari lugha inageuka kuwa Kiingereza. Kozi ya awali ya wiki chache haiwezi kuifanya kazi ya miaka mitano. Mwalimu wa sekondari anayesoma hapa, hatua ni zile zile, ila zigawe: mjadala wa hatua ya pili na kazi za makundi ziruhusu Kiswahili, matokeo ya mwisho, yaani sentensi tatu za maandishi, yawe kwa Kiingereza kwa msaada wa fremu. Aliyekwishajua "isipokuwa" inafanya kazi gani ndani ya sentensi, akikutana na "except" anajifunza sauti mpya tu. Asiyeijua anajifunza vitu viwili kwa pamoja, tena mbele ya swali la Baiolojia. Ndiyo maana nasema kazi kubwa ya Kiingereza cha sekondari hufanyika kwa Kiswahili, Darasa la Tano na la Sita.

Ofisini, Ijumaa, robo saa

Peke yako utachoka. Sisi tulianza watatu, mwalimu wa Sayansi, wa Hisabati na mimi. Ijumaa baada ya chai kila mmoja huleta neno moja lililowaangusha watoto wiki hiyo. Tunachagua mawili, na Jumatatu yanaandikwa kwa makapeni juu ya boksi lililokatwa na kubandikwa mlangoni. Kila mwalimu anayeingia darasa hilo anawajibika kulitumia kila neno walau mara moja katika somo lake, na watoto humkumbusha akisahau. Orodha ya muhula wetu wa kwanza ilikuwa: kati ya, isipokuwa, ilhali, kutokana na, angalau, licha ya, mtawalia, endapo. Mwalimu wa Michezo alijiunga mwenyewe siku alipowaambia watoto "wote kimbieni isipokuwa mabeki" na mabeki wakawa wa kwanza kutimka.

Kupima maendeleo, rudia lile jaribio la dakika tatu kila baada ya wiki nne, kwa watoto kumi wale wale, kwa aya mpya yenye urefu ule ule. Andika kwenye daftari lako mambo mawili tu: mawazo mangapi ya aya aliyaeleza, na neno gani lilimkwamisha. Hilo la pili ndilo ajenda ya Ijumaa inayofuata.